Mimba Iliyovuka Mipaka Miwili

Mwezi Oktoba 2023 mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kigoma. Alikuwa ameshavuka Ziwa Tanganyika kutoka Baraka, kwetu Congo, amelala kwa shangazi yetu. "Yaya," akasema, "nakuja kwako Malawi. Nina mimba ya miezi mitano, na mwanangu wa kwanza ninaye mgongoni. Niambie kwanza, huko wanazalia wapi?"

Swali lile lilininyima usingizi. Anayehama na mimba anahama na tarehe. Nyumba itangoja, kazi itangoja, makaratasi ya ukimbizi yanaweza kungoja mwaka hata miaka, mtoto hangoji. Tena mdogo wangu alikuwa na jambo lake. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa kupasuliwa, na mwenye kovu la namna ile hazalii popote tu. Anahitaji mahali penye chumba cha upasuaji, penye damu ya akiba, na daktari aliye macho usiku.

Nami naishi Dzaleka. Kambi yetu iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuelewanisha sokoni. Kituo cha afya kinatuhudumia sisi pamoja na vijiji vya Wamalawi wanaotuzunguka. Kina wodi ya wazazi na wakunga waliosomea, lakini kituo cha afya cha Malawi hakipasui. Mwenye kuhitaji kisu hupewa rufaa.

Nyumba yetu yenyewe ilikuwa imejaa. Hadi Machi 2023 tulikuwa na kibanda cha vitenge mjini Lilongwe. Ndipo serikali ilipotoa agizo kwamba wakimbizi wanaoishi nje warudi kambini. Mei msako ulipoanza, tukarudi mtaa wa Katubza, hapa kambini, na cherehani ya mume wangu, godoro na watoto. Vyumba ni viwili, na kimoja ni cha mama mkwe, mkunga wa jadi ambaye kwetu Congo Fizi nzima walimjua. Alikuwa akizalisha tangu enzi za Mobutu. Nilijua kwamba mdogo wangu akifika, kazi ya kwanza itakuwa kuzungumza na mama.

Usiku uleule habari ikaingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, na ukoo wetu umetawanyika. Mjomba wa kambi ya Nyarugusu alisema abaki Tanzania ajifungue kwanza. Binamu aliyeko Marekani aliandika kwamba mtoto akizaliwa Malawi atakuwa Mmalawi, basi aje haraka. Binamu mwingine, mwanafunzi Uingereza, akatahadharisha: kwao, mgeni asiye na haki ya matibabu ya bure hafukuzwi akienda kujifungua, lakini bili humfuata baadaye, moja na nusu ya gharama ya kawaida. Akauliza kama Malawi nako ni hivyo.

Niliwajibu mmoja mmoja. Kubaki Kigoma hakuwezekani. Hakuwa na kibali, na shangazi alikuwa akilala kwa hofu. Uraia wa kuzaliwa upo Marekani; Malawi haupo, kwa maana sheria yao ya 1966 inataka angalau mzazi mmoja awe raia. Kuhusu bili, niliandika kwa furaha: hospitali za serikali Malawi hazimtozi mzazi, awe mwenyeji au mkimbizi. Mdogo wangu aliposoma ujumbe ule alinipigia tena, akaniuliza kama nina hakika. Alikuwa na sababu. Alipozaa mara ya kwanza, hospitali moja ya kwetu Congo ilimzuia wodini na kidonda chake mpaka shemeji, mumewe, alipouza mbuzi na baiskeli. Congo ilizindua uzazi wa bure Septemba 2023, ikaanzia Kinshasa, na Kinshasa ni mbali sana na Baraka.

"Nina hakika," nikamwambia. "Lakini kabla hujapanda basi, nenda kliniki hapo Kigoma. Usiondoke bila kadi. Na fishi ya upasuaji wako, ile uliyopewa ulipotoka wodini, iko wapi?"

Kimya kikapita. Kisha akasema ameificha ndani ya kadi ya chanjo ya mtoto, kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu ndicho kitu pekee alichojua hatakiacha hata wakikimbizwa usiku.

Basi akaenda kliniki. Wakampima damu, virusi na presha, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa dawa ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu, wakaandika kila kitu kwa Kiswahili kwenye kadi ya wajawazito. Shemeji hakuwa naye. Alikuwa amebaki upande wa Baraka kumtafuta mama yake aliyepotea wakati wa mapigano ya milimani, na akaahidi kufuata.

Safari ya Kigoma hadi Mbeya si ya mwenye mimba. Nilimsihi alale Mbeya kabla ya kuendelea, ashuke kila basi linaposimama, atembee, anywe maji hata kama anaogopa kutafuta choo. Kukaa muda mrefu miguu ikining'inia humvimbisha mjamzito, na damu inaweza kuganda miguuni. Alipokaribia mpaka wa Malawi pale Kasumulu akaniandikia kwamba wenzake wanamshauri ajifunike vizuri kitenge mimba isionekane, wasije wakamrudisha. Nilimwandikia kwa herufi kubwa: SEMA. Akasema. Mwanamke aliyekuwa zamu akampa kiti na maji, akamtanguliza kwenye foleni. Karonga, katika joto lile la Novemba, aliandikishwa kama mwombaji hifadhi, na baada ya siku kadhaa akashuka Dzaleka amembeba mtoto mgongoni, mfuko wa plastiki ukiwa umefungwa kifuani kwa kanga.

Mama mkwe alimpokea mlangoni. Hakumwuliza habari za safari. Alimlaza kitandani kwake, akapasha mikono joto kwa kuisugua, akaanza kulipapasa tumbo taratibu, kutoka chini ya mbavu hadi kwenye nyonga. "Kichwa bado kiko juu," akasema. "Miezi sita, mwanangu, kasoro kidogo. Mgongo wake uko kushoto." Kadi ya Kigoma ilisema wiki 24.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa nimeshapanga maneno: kwamba mwaka 2007 serikali ya Malawi iliwakataza wakunga wa jadi kuzalisha, kwamba katika vijiji vingi machifu humtoza faini anayezalia nyumbani, kwamba utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 91 ya watoto wanazaliwa kwenye vituo vya afya, na bado wanawake 439 walikuwa wakifa katika kila vizazi hai 100,000. Sikupata nafasi ya kusema hata moja. Mama alishusha kanga kidogo, akaliona kovu. Akalipitishia kidole toka mwanzo hadi mwisho, akamfunika.

"Huyu hazai nyumbani," akasema. "Kule Fizi niliwahi kuitwa kwa mwanamke mwenye kovu kama hili. Uchungu ulikuwa mzuri, mtoto anashuka, halafu ghafla uchungu ukakatika. Tumbo likawa jiwe. Tulimbeba kwa kitanda cha miti, hatukufika." Akanitazama. "Kwenu mjini kule kuna hospitali. Mtafutie."

Tangu siku ile mama mkwe ndiye aliyekuwa kiongozi wa jambo lile, nasi wengine tulikuwa watumwa wake.

Siku ya kliniki ya kwanza, ambayo Wamalawi huiita sikelo, iliangukia siku ya mgao wa kambi, na zamu ya foleni ilikuwa yangu. Mama akaamua mume wangu ndiye ampeleke shemeji yake. Akaenda na kofia yake ya Jumapili. Huku Malawi mjamzito anahimizwa kuja na mumewe siku ya kwanza, na wanaokuja wawili hutangulizwa, ili wapimwe virusi vya UKIMWI pamoja. Jambo hili wanalichukulia kwa uzito. Mwaka 2011 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumwanzishia dawa za maisha kila mjamzito aliyekutwa na virusi. Basi muuguzi alipomwona mwanamume na mwanamke mwenye mimba wamekaa benchi moja, akawaita mbele ya wote, akawasifu kwa Kichewa, akamwomba mume wangu akunje mkono wa shati. Mume wangu Kichewa chake ni cha sokoni, cha kupima nguo na kutaja bei. Alifikiri anaombwa kutoa damu kwa ajili ya hospitali, akanyoosha mkono. Mdogo wangu naye akafikiri ndiyo desturi ya nchi.

Walipoulizwa wameoana lini ndipo jirani yetu wa mtaa wa Likuni, aliyekuwa kwenye foleni, aliposimama kutafsiri kwamba huyu ni shemeji, mume wa dada, na mwenye mimba mumewe yuko Congo. Muuguzi aliomba radhi kwa heshima, akamwandika mume wangu kuwa mlezi. Majibu yalikuwa mema kwa wote wawili. Mume wangu alirudi nyumbani akasema kwamba kila mwanamume wa kambi hii angefaa kukaa kwenye benchi lile mara moja, aone wanawake wanavyosimama kutoka alfajiri.

Mara iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Malawi kila mgonjwa hununua kijitabu chake cha afya na kukaa nacho. Hospitali haikutunzii faili, na ukikipoteza umepoteza historia yako. Muuguzi akaweka kijitabu kipya mezani, nami nikaweka kadi ya Kigoma na fishi ya Congo. Karatasi tatu, lugha tatu. Nikasoma Kiswahili na Kifaransa, nikasema kwa Kichewa, naye akaandika kwa Kiingereza. Tarehe ya sindano ya pepopunda ikaingia. Tarehe ya dawa ya malaria ikaingia, na hapo akaweka kalamu chini, akahesabu kwa vidole: dozi mbili zapaswa kupishana mwezi mzima, na mwezi ulikuwa haujatimia. Bila kadi ile angempa nyingine siku hiyohiyo.

Kisha akamlaza, akachukua kipembe cha mbao, akaweka mdomo mpana kwenye tumbo upande wa kushoto, palepale mama mkwe aliposema mgongo uko, na sikio lake upande wa pili. Akafumba macho. Chumba kizima kilinyamaza, hata wanawake waliokuwa dirishani. Baadaye akaninong'oneza niiname nisikilize. Nilisikia mapigo ya haraka, ya mtu mwenye safari.

Akasoma tena habari ya kovu, akaandika rufaa. Hapa Dzaleka hatazalishwa. Wiki ya 38 ikifika aende Lilongwe, akae kwenye nyumba ya kungojea ya hospitali mpaka siku yake, asisubiri uchungu umkute kambini usiku ambapo gari la wagonjwa huenda limekwenda na mwingine. Lilongwe ina Hospitali Kuu ya Kamuzu, iliyofunguliwa mwaka 1977, na ina Bwaila, ambako watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa kila mwaka. Ndiko wajawazito wa mkoa wa kati hupelekwa wakiwa na matatizo.

Kuzaa ni bure. Vinavyozunguka kuzaa si bure, na hilo ndilo tulilojifunza mwezi ule. Hospitali za Malawi zinamtaka mgonjwa aje na mlezi wa kumpikia, kumfulia na kumwogesha. Mlezi naye anakula. Mzazi anatakiwa kuja na beseni, karatasi nyeusi ya plastiki ya kulalia, wembe mpya, pamba, sabuni, na vitenge vya kumfunga mtoto. Kuna nauli ya kwenda, na nauli ya kurudi na mtu mwenye mshono. Na mwezi ule wa Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilikuwa imeshusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Kila nilipokwenda sokoni beseni lilikuwa na bei mpya. Sabuni ilikatwa vipande, ikauzwa kwa kipande. Nauli ikapanda, kwa sababu mafuta yalipanda.

Pesa zilitoka kwenye likelemba, ule mchezo ambao watu wa Kigoma huuita upatu. Zamu yangu ilikuwa Aprili, na mimba haikuwa ya Aprili. Mama mkwe alivaa kitenge chake kizuri, akazunguka kwa wanachama mmoja baada ya mwingine, akakaa kwa kila mmoja, akaeleza. Mwanamke mmoja Mrundi, muuza mandazi, mwenye zamu ya Januari, akakubali tubadilishane. Alisema mwenyewe alizalia njiani, na hataki kusikia tena kwamba mtu kazalia njiani.

Basi mfuko ukajazwa. Mama aliupanga kwa mkono wake: plastiki chini, vitenge vimekunjwa juu, wembe na pamba ndani ya bati la maziwa, unga wa nsima, yaani ugali, maharage, dagaa, sufuria ndogo. Beseni la kijani likafungwa juu yake kwa mpira wa baiskeli. Jambo moja tu nililolisimamia mimi. Karatasi tatu zile nilizibana pamoja kwa pini, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikamwambia mdogo wangu zisiingie kwenye mzigo wowote. Zitakaa kifuani mwake, usiku na mchana, mpaka mtoto azaliwe. Mama alinuna kidogo, maana alikuwa ameshaziandalia mahali ndani ya bati.

Tuliondoka katikati ya Februari, mimi, mdogo wangu na mama mkwe, rufaa mkononi, kwa maana mkimbizi hatoki kambini bila karatasi inayoeleza aendako. Mtoto mkubwa alibaki na mume wangu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku, na njia za Katubza zilikuwa tope tupu. Vijana wa kabaza, teksi za baiskeli, walimweka mdogo wangu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wakaisukuma kwa mguu, mmoja mbele, mmoja nyuma, hadi kituoni.

Kwenye njia panda ya barabara kuu ya M1 ndipo tulipobadilisha gari. Magari mawili madogo yalikuwa yamesimama, moja linaelekea kusini Lilongwe, moja kaskazini Mponela. Mvua ilikaza. Makondakta wote wawili walikuwa wakiita abiria kwa pamoja, watu wanakimbia, mama anamkinga mdogo wangu kwa mwavuli, mimi nalipa. Kijana mmoja akatupokonya mzigo kwa wema, akaupakia. Tulipokaa tukafunga mlango, nikageuka kutazama nyuma. Hakukuwa na beseni la kijani. Nilitoa kichwa dirishani nikaliona, limefungwa vizuri kwa mpira wa baiskeli, likipanda kilima kuelekea Mponela.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwambia dereva aendeshe. "Beseni halina uchungu," akasema. "Huyu ndiye mwenye uchungu." Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ameweka mkono kifuani. Nikaona ncha ya mfuko wa plastiki, nikashusha pumzi.

Tulipita Lumbadzi, tukapita Kanengo, tukaingia mjini mikono mitupu. Kwenye nyumba ya kungojea palikuwa na wanawake wa Dowa, wa Salima, wa Lilongwe vijijini, kila mmoja na tumbo lake na mama yake au dada yake. Waliposikia tumetoka Dzaleka na mzigo umekwenda Mponela, mmoja alicheka, kisha akainuka. Alikuwa na plastiki ya mita mbili; akaikata katikati kwa wembe, akatupatia nusu. Mwingine, mwanamke wa Salima, akatoa chitenje, yaani kitenge. Bibi mmoja mnene, ambaye binti yake alikuwa ameshazaa, akatuachia beseni lake lililopasuka ukingo. Jioni wakatukaribisha kwenye sufuria yao ya nsima na majani ya maboga.

Mama mkwe hakuwa na kitu cha kurudisha isipokuwa mikono. Asubuhi akaanza na miguu ya yule aliyetukatia plastiki, iliyokuwa imevimba. Akaipandisha kwenye paja lake, akaisugua kwa mafuta kutoka vidoleni kwenda juu. Kabla ya jua kuwa kali, wanawake walikuwa wamejipanga, wakimwita agogo, bibi. Hakujua Kichewa, wao hawakujua Kiswahili. Aligundua mmoja ambaye uso na vidole vilikuwa vimevimba kupita kawaida, tena analalamika kichwa na macho kuona giza. Akanivuta mkono, akaniambia nikamwite muuguzi mara moja. Presha ilikutwa juu sana, wakampeleka wodini wakikimbia. Alizaa salama. Nilimwona baadaye anatembea.

Uchungu wa mdogo wangu uliwahi. Ulianza usiku, kabla ya tarehe aliyopangiwa. Tulimwingiza wodini, daktari kijana akaja, macho mekundu kwa usingizi. Akaliona kovu, akauliza kwa Kiingereza lile swali ambalo nilikuwa nimelingojea tangu Oktoba: alikatwaje? Kovu la nje halisemi lolote. Kizazi kikiwa kilikatwa kwa kulala, chini, mama anaweza wakati mwingine kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida chini ya uangalizi. Kikiwa kilikatwa kwa kusimama, uchungu wenyewe ni hatari ya kukipasua. Na je, alipasuliwa kwa sababu gani?

Mdogo wangu alitia mkono kifuani katikati ya uchungu, akatoa mfuko. Nikaifungua fishi ya Congo chini ya taa. Karatasi ilikuwa imelainika kwa jasho, lakini wino ulikuwa mzima. Nikasoma Kifaransa cha yule daktari wa kwetu, neno kwa neno, nikamgeuzia kwa Kiingereza changu: mkato wa kulala, sehemu ya chini, sababu, kichwa cha mtoto kikubwa kuliko njia ya nyonga, uchungu wa kutwa nzima bila kushuka. Daktari akaisoma tarehe, akampima tena, akasema mtoto huyu naye ni mkubwa na nyonga ni zilezile. Hatutangoja, akasema. Akatoka kuita watu wa chumba cha upasuaji.

Mama mkwe alikaa sakafuni kwenye varanda, mgongo ukutani, akisali kwa Kibembe. Alfajiri muuguzi akatoka na mtoto wa kike amefungwa kwenye chitenje cha yule mwanamke wa Salima. Mama alimpokea, akamgeuza, akahesabu vidole, akatazama kitovu kilivyofungwa. "Wamefunga vizuri," akasema, na hiyo ilikuwa sifa kubwa kutoka kwake.

Mfuko uliokwenda Mponela ulipatikana siku ya pili baada ya mtoto kuzaliwa. Mume wangu alikuwa amempigia Mkongo mmoja mwenye duka Mponela, yeye akaenda stendi, akamkuta kondakta ameuweka kando akimngoja mwenyewe. Ukaja na gari la kusini, beseni la kijani juu yake, dagaa wote salama. Nusu ya unga na sabuni nzima mama aliwagawia wale wanawake. Beseni la kijani alimpa bibi mnene badala ya lile la kupasuka, ambalo tunalo nyumbani hadi leo na ndimo mtoto anaogeshwa.

Mtoto alipata chanjo zake za kwanza, ya kifua kikuu na ya polio, kisha kijitabu chake mwenyewe na taarifa ya kuzaliwa. Tuliporudi kambini tulimwandikisha chini ya jina la mama yake, ili ahesabiwe kwenye mgao. Yeye si Mmalawi, lakini mahali na siku aliyozaliwa vimeandikwa, na mtoto wa mkimbizi asiyeandikwa popote huja kupata shida anapotafuta shule na anapotafuta nchi. Shemeji alifika baadaye, mama yake akiwa hai. Mtoto ana jina la mama mkwe wangu.

Nawaambia ndugu wanaohama, na zaidi ninyi mnaowapokea. Mjamzito akisema anakuja, mwulizeni kama ana kadi ya kliniki, na kama hana aipate hapo alipo kabla ya kupanda basi. Mwulizeni kama aliwahi kupasuliwa, na fishi iko wapi, maana ile iliyoandikwa miaka iliyopita katika lugha nyingine ndiyo itakayotakiwa usiku wa uchungu. Karatasi zikae mwilini mwake, zisipande kwenye mzigo. Jueni mapema ni hospitali gani inapasua, na nani atakayekwenda kama mlezi, na lugha ya wauguzi anaijua nani. Ombeni zamu ya upatu mapema, wekeni nauli ya kwenda na kurudi kando, msiiguse hata kwa unga. Na kama nyumbani kuna mkunga mzee, msimfiche wala msimpinge. Mpelekeni naye hospitali. Hayo yote yapangwe kabla mwezi wa saba haujapita.